Swali la Mama Redempta kwa Wenye Biashara

Miaka ishirini na tisa Mama Redempta Mwananjela amekaa kwenye meza ileile ya dirishani, hapa Malangali, kwenye ofisi yetu ya kukadiria kodi na michango ya watu waliojiajiri. Tarehe 30 Juni anastaafu.

Wenye genge, mafundi cherehani, wenye mashine za kusaga, wote wamepita kwake. Wengi hawana daftari. Hakuwagombeza. Aliuliza umeme wa mashine unaisha baada ya siku ngapi, magunia matupu yako mangapi, nyumbani wanakula watu wangapi. Halafu anaandika faida ya mwaka, na mtu anabaki anashangaa kajuaje. Mimi ndiye ninayempeleka kwa wateja na pikipiki na kumjazia fomu, mwaka wa nne huu, na bado najiuliza. Hata matairi ya baiskeli ya mteja alikuwa anayaangalia.

Wengi mnakumbuka habari ya Baba Mboje wa Kasense, mfugaji, anayenunua mahindi na kuyauza mpaka Kasesya. Alikuja akasema mwaka uliopita kauza gunia mia sita arobaini. Nikajaza hivyohivyo. Kodi na mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii vikatoka vikubwa. Mzee hakubisha. Akasema Jumamosi atauza maksai wake wawili wa plau, ndio pekee alionao, msimu ujao watalima kwa jembe la mkono.

Mama Redempta alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini.

“Baba, mwaka wako unaanzia wapi?”

“Tukivuna, mama. Unaisha ghala likiwa tupu. Ng'ombe wangu hawajui Januari.”

Ofisi nzima ilicheka. Yeye akaomba daftari. Kumbe mzee alianza kuhesabu Julai ya mwaka juzi, mavuno mapya yakakuta ghala halijaisha, akaunganisha mpaka Desemba ya mwaka uliopita. Miezi kumi na nane. Gunia mia mbili sabini zilikuwa za mwaka juzi, na kodi yake alishalipa.

Tukakadiria upya. Maksai wakabaki nyumbani. Kwa kile alichookoa, Baba Mboje akaanza kuchangia mfuko kila mwezi, na siku hizi anawatania wenzake mnadani kwamba ana ng'ombe asiyekula majani.

Tangu hapo kila fomu yetu ina lile swali juu, limeandikwa kwa peni.

Sasa Mama Redempta amenunua mashine yake ya kusaga ulezi. Kwa hiyo atarudi hapa, ila atakaa upande wa pili wa meza, na swali lake tutamuuliza. Jibu tunalo tayari. Anatuaga tarehe 30, watu wako shambani wanavuna.

Asante, mama, kwa kutufundisha kuuliza kabla ya kuandika. Mwaka wako unaanza tarehe moja Julai. Tunakuombea afya, na ghala lisiwe tupu.