Mwalimu Yusta na Chura Anayezaa

Wapendwa waombolezaji, dada yetu Yusta Sefania Shemweta alizaliwa Bumbuli tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa Mzee Sefania na Mama Scholastica, akasoma shule ya msingi hukohuko, na mwaka 1985 akahitimu chuo kikuu Dar es Salaam katika Kifaransa, lugha ambayo baba alimuuliza hadi uzeeni ataizungumza na nani huku milimani.

Alifundisha sekondari Lushoto tangu Januari 1986 hadi alipostaafu mwaka 2021, akafunga ndoa na shemeji yetu Nikodemo, mkulima wa kabichi, tarehe 10 Desemba 1988, wakajaliwa watoto wawili, Kristian na Jenoveva.

Mwaka 1997 watafiti wa wanyama, waliokuwa wamehangaika sana kupata mtu wa kutafsiri vitabu vyao kutoka Kiingereza kwenda Kifaransa, walielekezwa kwake. Katika kazi ya kwanza alimkuta chura wa msitu wa Amani anayezaa vitoto badala ya kutaga mayai, akaona mwandishi kachemka, akamsahihisha, akaandika kwamba anataga. Mzee Abubakari, aliyekuwa akiongoza wageni Sigi, kwenye lango la msitu huo, aliposikia habari hiyo alicheka mpaka akakaa chini, kisha akampeleka msituni mvua ikinyesha, akamwonyesha jike mwenye mimba. Yusta aliona aibu, akaandika barua ya kuungama kabla kitabu hakijachapwa, na tangu siku hiyo hakutafsiri habari za mnyama yeyote mpaka amwone, au azungumze na mtu aliyemwona.

Novemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini, akiwa katikati ya kitabu kikubwa cha wanyama wa milima yetu. Kufa hakukuogopa, na alitwambia hivyo wazi, ila aliogopa kitabu kisije kikaangukia mikononi mwa mtu anayejua Kifaransa tu. Waliojitokeza kumrithi aliwapa ukurasa uleule wa chura. Wawili wakaandika anataga, wawili wakairuka ile sentensi, na wa tano, Salma, binti wa kijiji cha Zirai, akachelewa wiki mbili, kwa sababu alikwenda Sigi kwanza kumtafuta chura mwenyewe. Alipoleta ukurasa wake, dada alilia, akamwita mwanangu.

Salma alimsomea tafsiri kitandani kila alasiri, nyumbani na baadaye hospitalini, wakasahihisha pamoja, na tarehe 30 Mei 2025 wakafika ukurasa wa mwisho. Dada akaomba asomewe tena habari za chura. Alifariki tarehe 2 Juni, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Nikodemo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, majirani mliotuletea kuni na kututekea maji, na Nikodemo, aliyekoroga uji miezi yote hiyo akisikiliza Kifaransa asichokielewa hata neno moja.

Dada, kila asubuhi ulituuliza kama kazi imepata mtu. Imepata, na leo amekaa hapa mbele, kando ya watoto wako. Pumzika sasa.