Mzee Egidi na Matandiko ya Mkaguzi

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2024, Mzee Egidi Kapinga anastaafu baada ya kuitumikia sekondari yetu kwa miaka thelathini na mitatu akiwa mhudumu wa maabara. Alianza kazi mwaka 1991, maabara ikiwa chumba kimoja chenye meza mbili na taa ya spiriti iliyokuwa ikizimika kila mlango ukifunguliwa. Tangu hapo wamepita wakuu wa shule tisa, na kitabu cha mahudhurio kinaonyesha jina lake likiwa la kwanza karibu kila ukurasa.

Alizaliwa Mbaha, ufukweni mwa ziwa, akapanda milima kuja huku Kingerikiti na begi moja. Amefundisha vizazi vya wanafunzi kuosha vifaa vya kioo bila kuvivunja. Waliovivunja wanakumbuka kwamba Mzee hakugomba. Alikuwa anakuangalia tu, kisha anafagia mwenyewe, na hapo ndipo ulipotamani akuchape yaishe.

Wengi, hata hivyo, wanamjua kwa sababu ya Mkaguzi. Mwaka 2003 wakulima wa kijiji cha Ruanda waliokuwa wakipalilia kahawa walimkuta chatu mchanga, urefu wake haujafika mkono wa mtu mzima. Kabla ya kumuua wakaona wamlete shuleni kwenye gunia, huenda wataalamu wana la kusema. Mkuu wa shule wa wakati huo aliomba kibali cha wanyamapori kwa jina la shule, kibanda cha mbao na kioo kikajengwa stoo, nyuma ya maabara. Wanafunzi ndio waliompa jina la Mkaguzi, kwa kuwa anakutazama muda mrefu bila kuuliza swali mpaka unajihisi una kosa.

Kuanzia siku hiyo wageni wa Mzee Egidi walipungua. Shikamoo zikawa zinatoka mbali. Mkono uliomshika nyoka hakuna aliyetaka kuupokea, na chai yake ya saa nne ikawa inawekwa dirishani mwa maabara, kikombe chake peke yake. Wapo walionong'ona kwamba mzee ana mambo yake na yule nyoka. Yeye alicheka. Alisema Mkaguzi hajawahi kumng'ata mtu, tofauti na walimu kwenye vikao.

Kazi iliyomsumbua kuliko zote ilikuwa kumpatia Mkaguzi kitu cha kulalia. Alianza na maranda ya mti wa msindano kutoka karakana ya useremala. Yalikuwa ya bure na yananukia vizuri, lakini kwa chatu ile harufu ilikuwa sumu, akaanza kukoroma na kutoa mapovu puani. Mzee akayatoa yote, akateremka kwao Mbaha kuchota mchanga wa ziwani. Ulipendeza mno, wageni walikuwa wakiusifia. Bahati mbaya chatu alikuwa akimeza panya na mchanga wake, mdomo ukaota vidonda.

Ndipo sisi watu wa kahawa tulipojitosa. Januari 2007 shule nzima ilimshauri Mzee atumie makapi ya kahawa, maana huku kila mwenye banda la kuku anatandika hayo na kuku wanastawi. Tulimchangia magunia sita. Mvua zilikuwa zimeshika, makapi yakavuta unyevu, yakapata joto kwa ndani, yakaota ukungu. Mkaguzi alipogeuzwa, magamba ya tumbo yalikuwa yamebadilika rangi na kujaa malengelenge. Bwana Nazari, afisa mifugo wa wakati huo, alielekeza dawa kwa simu. Kwa wiki saba Mzee alimwosha tumbo kwa maji ya uvuguvugu, asubuhi na jioni, peke yake. Waliochangia makapi hawakuonekana. Hakutulaumu hata mara moja. Alisema tu, "Kuku ana miguu. Huyu analalia tumbo zima."

Toka hapo alitandika magazeti ya zamani chini, na juu yake majani makavu aliyoyaanika mwenyewe mpaka yalie yakikanyagwa. Walimu tulikuwa tunampelekea magazeti, tunanyoosha mkono mlangoni na kuondoka. Mzee aliyasoma kabla ya kuyatandika, kwa hiyo habari zake zilikuwa za mwezi uliopita. Alikuwa anakupa pole ya msiba ambao matanga yake yalikwisha zamani. Tulimcheka sana. Leo nadhani alikuwa anatafuta neno la kuanzia mazungumzo.

Mkewe, Mama Marselina, alifariki mwaka 2016. Tulimzika Mbaha, na siku ya nne Mzee alikuwa kazini. Baada ya hapo akawa anakaa stoo mpaka muda wa kufunga geti. Tulisema anapenda utulivu. Hatukumuuliza.

Februari mwaka huu Mkuu wa Shule, Mwalimu Leopold, aliuliza kwenye kikao nani atamtunza Mkaguzi Mzee akiondoka. Kibali ni cha shule, na Mzee anakwenda kuishi Mbaha kwa binti yake Rosina mwenye watoto wadogo, hivyo hawezi kuondoka naye. Asipopatikana mtu, chatu atahamishiwa mkoa mwingine. Ofisa wa wanyamapori alishasema wazi kwamba kwa umri wake, na kwa baridi ya Juni, huenda asifike. Hakuna aliyenyoosha mkono. Tukaendelea na ajenda ya chaki.

Mzee hakubembeleza. Aliandika maelekezo yote kwenye daftari, na wiki ya pili ya Juni akasimama mlangoni kwangu. "Mwalimu, sikuombi umpende," alisema. "Nakuomba umbadilishie magazeti."

Nimefundisha Biolojia hapa miaka kumi na miwili. Mada ya reptilia nimeifundisha kwa picha ya kitabuni, hatua ishirini kutoka kwa reptilia mzima. Nilimfuata kwa aibu. Akanionyesha kufinya majani kiganjani: yakishikana yarudi juani, yakivunjika yatandikwe, na wakati huu wa baridi yafike unene wa vidole vinne. Nikatandika. Mkaguzi alipita juu ya kifundo changu cha mkono, mzito na wa baridi, akajikunja juu ya majani yangu, akatulia. Mzee Egidi alilia, na hakujificha.

Kwa hiyo Mkaguzi habanduki hapa. Nilitoka stoo nina furaha, nikanawa kwa sabuni, nikaingia chumba cha walimu kuwasimulia. Mwalimu Baltazar, rafiki yangu wa siku zote, alisogeza kiti chake pembeni. Hakuwa na ubaya. Nadhani hata hakujua kama amekisogeza.

Mzee wetu, nami nilikuwa nasogeza cha kwangu, miaka yote kumi na miwili. Tusamehe. Tunakushukuru kwa kila kioo ulichokiosha na kila jani uliloanika. Nenda salama Mbaha, ukapumzike vizuri, na Mungu akujalie majirani wanaokuja kukaa karibu.

Mwl. Eunice Ndunguru, kwa niaba ya wafanyakazi wote