Mumunye Halikuumbwa Lichemshwe: Kumuaga Mzee Abdulghafur wa Jikoni

"Mumunye ni maji yaliyovaa ganda. Hata likipikwa na malaika halitakuwa na ladha, basi lichemshwe tu tuokoe kuni." Ndivyo alivyoandika Bwana Sattar, karani wetu wa stoo, katika jarida hili mwezi uliopita, akipendekeza jiko letu lirudi kwenye kuchemsha. Malaika sitawasumbua. Nitamjibu kwa mtu mmoja aliye hai, mwenye kitambi, makubadhi na miwani iliyofungwa kwa uzi wa turubai: Mzee Abdulghafur, mpishi wa Karakana ya Turubai hapa Kibarani, anayestaafu Alhamisi hii, tarehe 30 Septemba 1948, baada ya miaka ishirini na miwili na nusu ya kazi.

Aliitwa kutoka Mji wa Kale mwezi wa Aprili 1926, apike kwa wiki mbili tu, kwa kuwa mpishi wa zamani alikuwa mgonjwa. Mgonjwa akapona, akaja kudai mwiko wake, akakaribishwa kwanza ale. Alionja kabichi ya siku ile, akaomba nyongeza, kisha akaenda kutafuta kazi bandarini.

Mtihani wenyewe ulikuja mwaka 1943. Mchele ulikuwa adimu, nyama tuliisikia kwa harufu ya majirani, na kila wiki lori lilitushushia mamumunye. Bwana Sattar, aliyesoma mahali fulani kwamba vyakula vya kuchemsha hutuliza akili, alipata kwa msimamizi wa karakana amri kwamba yachemshwe. Akili zilitulia kweli. Mafundi walishona huku wakisinzia, na turubai moja likatoka na mikono miwili kama kanzu. Jiko likaitwa Bombani, maana mtu alitoka pale amejaa maji. Siku ya kumi mafundi walitua sindano wakaapa hawatazishika tena mpaka wapate chakula chenye ladha. Msimamizi akaifuta amri, akampa Mzee Abdulghafur muda hadi adhuhuri ya kesho yake. Akishindwa, jiko lifungwe.

Mzee aliligeuza mumunye mkononi kama anayemkagua mkwe. "Hili lina kiburi cha maji," alisema. "Tulitoe maji kwanza, ndipo lisikie maneno."

Akalikata vipande vyembamba, akavinyunyizia chumvi, akaviacha vitoe jasho. Akavikamua ndani ya kipande cha turubai jipya lisilopakwa nta, mpaka yakatoka maji ya kujaza ndoo. Kisha akakaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya shaba, akatia thomu, manjano, mumunye na ukwaju, asiongeze hata tone la maji. Tui zito alilitia mwisho, moto umeshapungua, lisije likakatika.

Hapo hapana uchawi, Bwana Sattar. Hiyo ndiyo tofauti ya kupika na kuchemsha: anayechemsha huyaachia maji kazi yake, naye akaenda kusoma gazeti.

"Mzee, leo umetuchinjia nini?" fundi mmoja aliuliza, mdomo umejaa.

"Mumunye, mwanangu. Na halikupiga hata kelele."

Sindano zilishikwa alasiri ile ile. Kwa bahati mbaya, kile kipande cha kukamulia kilichanganyika na viraka, kikashonwa katikati ya turubai la lori letu wenyewe. Lori lilipopita Majengo, mbuzi walitoka vichochoroni wakalifuata kwa harufu. Levi, dereva, alipowaona kwenye kioo alikanyaga mafuta. Mbuzi nao wakaongeza mbio. Mpaka leo akifika Majengo hufunga dirisha.

Matunda nayo hayakuachwa. Papai lililokosa utamu Mzee alilitia ndimu, chumvi na pilipili, akalipa saa moja litafakari. Nanasi kali alilichoma juu ya makaa mpaka sukari yake ikajitokeza yenyewe.

Bwana Sattar atasema sisi mafundi tuna njaa, hatuna ulimi. Basi tumsikilize Bi Gulshan, mke wake, aliyeniruhusu kuandika haya, tena kwa kicheko. Mwaka juzi alifika dirishani pa jiko na kopo tupu mkononi.

"Mpishi, huyu kuku ambaye mume wangu huniletea kila Alhamisi, mwamlisha nini akawa laini hivi?"

"Kuku yupi, mama? Hilo ni mumunye."

"Ati mumunye! Nami nikamsifu mbele ya mama yangu!"

Tangu 1939 Mzee amekuwa na msaidizi, Bwana Kioko, aliyehamishwa kutoka kwenye kubeba majora ya turubai. Wiki ya kwanza Kioko alilia kwa vitunguu mpaka watu wakampa pole ya msiba. Leo hulibonyeza mumunye kwa kidole akajua lataka chumvi kiasi gani, na mwezi mzima uliopita, Mzee alipougua mgongo, alitupikia peke yake. Hakuna aliyegundua. Wewe pia hukugundua, Bwana Sattar. Ulirudi na sahani mara mbili.

Mzee Abdulghafur, ahsante kwa kila adhuhuri uliyotufanya tukimbilie jikoni badala ya kulikimbia. Mungu akupe afya, mgongo ulionyooka na meno ya kudumu, na umri mrefu wa kula kilichopikwa na wengine bila kwenda kufunua sufuria zao.

Sasa nawageukia Bwana Kutbuddin, mwenyekiti, na wajumbe wanne wa Kamati ya Jiko. Jumatatu, tarehe 4 Oktoba, mtalikuta mezani pendekezo la Bwana Sattar: nazi, ukwaju na ndimu zifutwe, na Kioko arudishwe kwenye majora. Kabla ya kupiga kura, kila mmoja wenu ale sahani nzima ya mumunye la kuchemsha, na Bwana Sattar akae mbele yenu ale mbili. Mkishameza, mkabidhini Kioko mwiko.