Mgomo wa Salamu

Katika mji ule wa machimbo ya fosfati, upande wa Gafsa, benchi la nje ya mkahawa lina wenyewe. Yupo Lazhari, wanayemwita Redio kwa kuwa hazimiki. Yupo Shedli Rufaa, aliyewahi kushinda kesi ya mbuzi, basi tangu siku hiyo anajiona jaji. Na yupo Belgasem, Katibu, aliyeongoza tawi la chama cha wafanyakazi mpaka juzijuzi kiwanda cha fosfati kilipomfukuza kazi. Kesi yake ni kesho, na wakili hana. Ng'ambo ya barabara kuna kibao kipya: Lamini Jridi, Wakili. Lakini huyo ndiye asiyesalimiwa! Zamani alikuwa mwenzao wa chama, damu moja na Belgasem. Siku alipokwenda Tunis, mji mkuu, kufanya kazi wizarani, benchi zima lilimgomea salamu. Sasa karudi mwanasheria, na mgomo haujaisha.

— Mtu huwezi kuwa mgomaji, ukawa serikali, halafu ukawa wakili, alianza Redio. Huyo katumwa.

— Katumwa na nani?

— Na wizara.

— Wizara wapi, bwana wee! Rufaa akadakia. Wafaransa hao. Huoni anakunywa kahawa bila sukari?

— Acha zako. Anataka ubunge.

— Ubunge mdogo kwake. Anataka kiwanda chenyewe. Atawatetea wafanyakazi wote, kiwanda kitafilisika, halafu yeye huyo anakinunua. Mtaniambia!

Belgasem alikoroga kahawa iliyokwisha kukorogwa. Mwanamume huyo wanayemchambua siku za mgomo alilala naye chini kwenye reli kuzuia treni ya fosfati, wamefunikwa blanketi moja la mama yake Lamini.

— Katibu, kesho nani anakutetea? Rufaa akauliza.

— Najitetea mwenyewe.

— Wewe? Ukisimama mbele ya jaji si utaanza kuimba wimbo wa chama!

Wakacheka mpaka benchi likalia.

— Kamwombe huyo jasusi wetu basi, Redio akachokoza. Si ofisi yake hiyo hapo ng'ambo?

— Nivunje mgomo? Mimi niliyeutangaza? Bora nife njaa.

Mwishoni mwa benchi alikaa dereva wa lori, Monji, mgeni kutoka mji wa Sfax, akisubiri tairi lake lizibwe. Muda wote alikuwa akiwasikiliza, kikombe mkononi.

— Samahani wazee wangu, akasema. Huo mgomo wenu, mnadai nini?

— Tunadai? Redio akashangaa.

— Ndiyo. Huyo bwana afanye nini ndipo muumalize?

Rufaa akaanza kuchunguza kiatu chake. Watu hawa, ukiwauliza madai ya mgomo wowote tangu enzi za baba zao, watakutajia moja baada ya jingine bila kukosea. Huu hawakuupa dai hata moja. Mwenzao aliondoka, wakaudhika, wakagoma.

Belgasem alilijua dai, ila aliona haya kulisema mbele za watu. Alitaka Lamini asiende. Basi, hilo tu. Na siku ile hakumwambia. Alimgeuzia mgongo mpaka basi la Tunis likaondoka.

Ng'ambo, Lamini alitoka ofisini, joho jeusi mkononi, akafunga mlango. Akainua mkono kulisalimu benchi, kama alivyofanya kila siku tangu arudi, na kama kila siku akaanza kwenda zake bila kungoja jibu.

Belgasem akasimama.

— Lamini! akaita, watu wote wakisikia. Njoo unywe kahawa, ndugu yangu.