Gunia Kwenye Mrija

EDITHA: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

RAHABU: Hata sauti ya shangazi yako huijui? Umefika Mandewa jana tu, umeshakuwa mtu wa mjini!

EDITHA: Shangazi Rahabu! Shikamoo.

RAHABU: Marahaba, mwanangu. Simu ni ya Amne jirani, yangu imezima. Umekula?

EDITHA: Nimekunywa chai. Shangazi, niko mlangoni mwa ukumbi, muda wowote naitwa kueleza utafiti wangu. Mbona—

RAHABU: Sikucheleweshi. Swali moja tu. Gunia limechakaa. Nitafute jingine, au hata kanga inafaa?

EDITHA: Gunia gani?

RAHABU: La mashine yako.

EDITHA: Mashine yangu haina gunia, Shangazi.

RAHABU: Ile hapa uani kwangu! Ule mrija unaovuta hewa. Vumbi la Iguguno si unalijua? Mashine ya watu imekuja kwangu ugenini, imeze vumbi mimi naangalia? Kila alfajiri nalowesha gunia, naufunika mrija. Na ubaridi unapata, kama dumu langu la maji ya kunywa ninalolifunga kitambaa kibichi.

EDITHA: Mungu wangu! Tangu lini?

RAHABU: Tangu mlipoifunga hapa. Ikifika saa sita upepo umeshalikausha, nalitoa.

EDITHA: Sasa mbona sijawahi kuliona?

RAHABU: Utalionea wapi? Wewe unakaa Nduguti, kwangu unakuja Jumapili. Na Jumapili mimi nawahi kwaya, hata sihangaiki nalo.

EDITHA: Jumapili... Dah! Jumapili! Jamani, nimekwisha!

RAHABU: Wee, usinitishe! Jumapili imefanya nini?

EDITHA: Sikiliza. Ile mashine inahesabu vitu tunaviita radikali. Ni chembe za hewa zisizotulia, zinazaliwa na jua, zikigusa kitu zimeisha. Ni chache mno. Kwa hiyo mashine inafanya kila moja iwashe nyingine, na nyingine, kama moto kwenye nyasi kavu. Halafu inahesabu kilichoungua.

RAHABU: Haya.

EDITHA: Nyasi zikiwa mbichi je?

RAHABU: Moto unafia njiani.

EDITHA: Ndiyo hivyo. Unyevu ukiingia, mashine inasema radikali hakuna, kumbe zipo. Nilifunga kipima unyevu ili nirekebishe hesabu. Lakini kiko juu ya paa! Kule juu kinasema hewa kavu, huku chini mrija unavuta—

RAHABU: —gunia langu.

EDITHA: Gunia lako. Singida hii na ukavu wake, nani angefikiria unyevu?

(mtandao unakwaruza)

RAHABU: ...sikusikii... haloo?

EDITHA: Nipo! Nimeona namba zinashuka kila asubuhi, isipokuwa Jumapili. Nikajiuliza, Iguguno Jumapili kunakosekana nini?

RAHABU: Vinu vya alizeti. Paskali hakamui Jumapili.

EDITHA: Sasa unaona? Nimeandika kwamba moshi wa vinu ndio unaomaliza radikali na kuharibu hewa. Nilikuwa naingia kusema hivyo mbele ya watu wote!

RAHABU: Vinu vya Paskali? Paskali huyu aliyekuletea mafuta siku ulipofika? Si watakuja kumfungia?

EDITHA: Wangemwandama, ndiyo.

RAHABU: Nimekuharibia masomo, mwanangu.

EDITHA: Hapana, Shangazi.

RAHABU: Usinidanganye. Umesoma miaka yote hiyo, mimi na gunia langu... Na ulinikataza kuigusa.

EDITHA: Kweli nilikukataza.

RAHABU: Lakini sikuigusa! Niliivisha tu!

EDITHA: (anacheka) Aisee, Shangazi, utaniua wewe.

RAHABU: Cheka tu. Editha, kwani wakubwa hao wana habari za gunia? Nani atawaambia? Ingia, sema ulichoandika, upate cheti chako, mengine tutayamaliza huku nyumbani.

EDITHA: Na Paskali tutamwambia nini?

RAHABU: Hebu tuache hayo. Nimesema vibaya.

EDITHA: Naogopa, Shangazi. Dokta Mughwai, msimamizi wangu, ameshawasifia watu kazi yangu.

RAHABU: Kaza moyo. Simu inalia humu, nadhani salio la Amne linaisha.

EDITHA: Gunia liko wapi sasa?

RAHABU: Nimelitupa bandani ulivyoanza kupiga kelele. Silitaki hata kuliona.

EDITHA: Kaliloweshe tena.

RAHABU: Eti nini?

EDITHA: Lifunge kama kawaida. Ukae kidogo, ulitoe. Ukae, ulirudishe. Hivyo hivyo mpaka jua lizame, na kila mara uangalie saa. Nikijua gunia linapunguza kiasi gani, huenda hesabu zote zikarekebishika.

RAHABU: Huenda?

EDITHA: Huenda. Nikishindwa, naanza upya.

RAHABU: Ukianza upya, chumba chako kipo. Safari hii usikae Nduguti, ukae kwangu.

EDITHA: Nitakaa. Wananiita, Shangazi, lazima niingie.

RAHABU: Utawaambiaje?

EDITHA: Kwamba vinu havina kosa. Na kwamba shangazi yangu anaitunza mashine kuliko—

RAHABU: Usinitaje! Mbele ya madokta wote hao, na gunia? Aibu gani hiyo!

EDITHA: Bila wewe sina cha kuwaeleza.

RAHABU: Basi kama ni lazima, nitaje vizuri. Usiseme shangazi tu. Sema Rahabu binti Abraham, wa Iguguno, mwimbaji wa kwa—

EDITHA: Haloo? Shangazi? Haloo? ... Ndiyo, Dokta, nakuja. Naomba ile picha ya vinu waiondoe ukutani. Nitaanza kwa kusema nimekosea.