Waya Mweusi na Sauti ya Nyuma ya Mlango

Ndugu yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Waya Mweusi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu kati ya sita. Mama yake alisimulia kwamba alikuja duniani amekunja ngumi zote mbili, na hakuna aliyefaulu kuona ameshika nini. Tabia hiyo hakuiacha.

Alisoma shule ya msingi hadi mwaka 1971, kisha shule ya ufundi, akahitimu fani ya umeme mwaka 1976. Kinanda cha umeme cha shule kilipoanza kunguruma kwa sauti ambayo hakikuwa nayo, mwalimu mkuu hakupoteza muda kuuliza. Alimwita yeye moja kwa moja, na kweli alikuwa yeye.

Mwaka 1979 alifungua karakana mtaa wa nyuma ya posta, chumba kimoja chenye mlango wa chuma. Watu walileta vinanda vibovu, lakini machoni pake hata kizima kilikuwa na upungufu. Alivitoboa, akaongeza swichi na vifundo, akavifanya viimbe sauti ambazo kiwanda hakikuziwazia. Mpiga kinanda mmoja wa bendi alisema, "Nilipeleka kina sauti mia, kikarudi na mia na mbili. Hizo mbili ndizo watu wanazoniomba."

Ila hakumwamini mtu. Mafundi wengine hutumia waya za rangi mbalimbali ili wasipotee. Yeye alitumia nyeusi tupu, na namba za vipande alizikwangua kwa msasa. "Wakifungua, wakutane na giza," alisema. Giza hilo lilifika mpaka nyumbani.

Tarehe 22 Desemba 1984 alifunga ndoa na huyu mjane wake aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa watoto watatu. Yanayofuata yanasomwa kwa amri ya mjane, aliyesema, "Wifi, soma yote. Nilimchafua mtu hadharani, nitamsafisha hadharani."

Mchana mmoja wa mwaka 2011, mdogo wa kike wa marehemu, ndiye huyu anayewasomea haya, alipita karakanani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, na humo mwanamke alikuwa akivuta wimbo usio na maneno. Hakubisha hodi. Alikwenda mbio kwa wifi yake na kumwambia lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mdomo huo unamchoma hadi leo.

Katika chumba cha jirani kulikuwa na mshonaji, shoga wa mke kwa miaka ishirini, aliyependa kuimba akiwa kwenye cherehani. Mke akamwendea mbele ya wateja.

"Shoga, unamwimbia nini mume wangu?"

"Mimi? Kamuulize mumeo!"

Alimuuliza. Marehemu, ambaye hakuwahi kumwonyesha mtu kazi isiyokamilika, alijibu tu, "Siku kikikamilika utamsikia mwenyewe." Hapo ndipo moto ulipopata kuni. Mshonaji alihama mtaa mwezi huohuo, na kwa miaka minane wawili hao hawakupeana hata salamu.

Oktoba 2018 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa mapafu. Daktari alitaja moshi wa lehemu. Kitandani mke alimuuliza tena ni nani yule. Alifungua mdomo, kikohozi kikamwahi. Alifariki Jumatatu, tarehe 3 Juni 2019, akiwa na umri wa miaka 61.

Jumatano mjane aliagiza karakana ifunguliwe. Juu ya meza, kando ya kaseti kuukuu, palikuwa na kinanda cha zamani ambacho kilipotoka kiwandani kiliweza kuhifadhi sauti ya sekunde mbili. Binti mkubwa, naye fundi wa simu, alikikagua akakuta baba yake amekiongezea kumbukumbu hadi sekunde arobaini, kwa waya nyeusi tupu. Akabonyeza. Mwanamke akaimba, na nyuma yake mtoto mchanga akalialia.

"Huyo hapo!" mjane akasema. "Na mtoto wamezaa!"

Mama mzazi wa mjane akatikisa kichwa. "Mwanangu, huyo ni wewe, unambembeleza huyu binti yako."

"Mimi siimbi hivyo."

Binti akamrekodi kwa simu akiimba wimbo uleule, akamsikilizisha. Mtu hajui sauti yake jinsi wengine wanavyoisikia. Mjane alisikiliza mara tatu, kisha akaketi kwenye kigoda cha mumewe, akalia kwa uchungu kuliko alivyolia Jumatatu.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na dada mmoja mwenye mdomo. Ameacha pia mshonaji, ambaye hakualikwa na mtu lakini amekuja, na ameketi safu ya nyuma kabisa. Mjane anamwomba radhi, na anamwomba aje akae pembeni yake, kiti kimeachwa wazi. Msomaji atanyamaza hapa mpaka atakapoketi.

Kaka, pumzika kwa amani. Tumemsikia.