Zamu ya Ng'ombe

Tarehe tisa, mwezi wa tatu, mwaka uliopita, nilipoteza mimba yangu ya kwanza. Ilikuwa ya miezi mitano. Mume wangu Kambale alikuwa Mutwanga, akivuna kakao ya watu.

Ndugu zangu, Mungu anayeona vya sirini asifiwe! Mimi ni Masika, wa huko juu Kipese. Sisi ni wafugaji. Ng'ombe wetu ni wachache, hawatulishi, kwa hiyo kila msimu wa kakao wanaume wanashuka Mutwanga kutafuta kazi. Nina miaka saba ya ndoa, na karibu yote niliitwa tasa. Mimba ilipotoka, mama mkwe akasema, "Hata hiyo moja umeshindwa kuchunga! Kambale ataleta mwengine."

Nilikunywa mizizi mpaka tumbo likachoka. Kikundi cha maombi kikanifungisha siku ishirini na moja, nisimkaribie mume. Na ndizo siku alizokuwa amerudi! Nikatii. Ndugu zangu, nilitii!

Tena akirudi, harudi kwangu. Wadogo zake wamelala mlimani na ng'ombe msimu mzima, basi akifika ni zamu yake. Anakula, anachukua blanketi, anapanda. Nami nawekewa mikono kichwani, roho ya utasa initoke!

Nililia, "Bwana, kama kosa ni langu, unionyeshe." Nikashuka Butembo, kwenye kituo cha afya. Muuguzi, mama mzee, akaniuliza, "Bwana yako analalaka nyumbani siku ngapi?"

Nikahesabu kwa vidole. Tangu mwaka uanze, sita.

Akaweka kalamu chini. "Mais, lakini mama, mutoto atatoka wapi? Atakutumia kwa simu?"

Nilicheka, halafu nikalia. Mzigo wa miaka saba ulianguka palepale!

Nyumbani nikamwambia mama mkwe yote, bila kuficha. Naye akahesabu kwa vidole vyake.

Mtoto bado sijapata, sitawadanganya. Lakini Yesu amenitoa katika uongo ule, namshukuru! Dada unayeitwa tasa, mtegemee Yeye, na uhesabu siku zako.

Jumamosi Kambale alirudi. Alipomaliza kula, akanyoosha mkono kuchukua blanketi. Mama mkwe akamnyang'anya.

"Wacha. Ngombe bananijua."

Akajifunga blanketi mabegani, akapanda mlima yeye mwenyewe.